Bega la Kushoto

Bega la kushoto la Tokuji limeshuka
vidole viwili chini ya mwenzake.
Miaka thelathini na minne limebeba mitungi ya gesi,
kilo hamsini, chuma hakijahesabiwa,
mlango kwa mlango mjini Obihiro,
theluji ikimfika magotini, na Februari
ikimng'ata masikio kama mdai aliyechoshwa na ahadi.

Binti yake, Chizuru, habebi kitu.
Hivyo ndivyo baba anavyowaambia majirani:
"Anafuga wasioonekana. Anawanywesha maji ya viazisukari."
Na kweli, nyuma ya kiwanda cha sukari, ghorofa ya pili,
lipo tangi la kioo lisilozidi ndoo,
limejaa uji wa rangi ya chai ya maziwa,
na ndani ya uji, umati.

Amewapa kazi wasiyozaliwa nayo.
Ameukata uzi wa nasaba yao, akaunga hapa,
jeni moja ya kuazima, na nyingine ya kuazima,
mpaka wale sukari wapumue propani:
gesi ile ile iliyompinda baba,
sasa inapanda yenyewe, povu baada ya povu,
bila kisima, bila meli,
bila bega.

Siku ya tisa gesi ilipungua.
Siku ya kumi na moja, kimya.
Uji umenenepa. Wanakula, wanazaana, wanashiba,
na kodi hawalipi hata povu moja.
Chizuru akawasoma herufi kwa herufi
akakuta jeni imekatika katikati.
Mmoja wao, usiku, aliutua mzigo.
Akawa mwepesi, akawatangulia wenzake kwenye sukari,
na wajukuu wake ndio waliojaza tangi.

Aliyasimulia hayo mezani, supu ikipoa,
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.
Baba akacheka hadi akashika ubavu.
"Ulitaka nini? Ningekuwa mdogo kama wao
ningeutua siku ya kwanza,
pale pale kwenye ngazi za Bibi Kurimoto."
Kwetu husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Tokuji hakuijua methali. Alizijua ngazi:
kumi na saba, zote barafu.

"Mbona wewe hukuutua?"

Alikitazama kijiko.

"Wali wako ulikuwa ndani ya mtungi."

Usiku ule taa ya ghorofa ya pili haikuzimwa.
Chizuru aliifunga jeni ya gesi
fundo moja na jeni ya mlo:
aitupaye hii ameitupa na ile,
atakayetua mzigo atakufa njaa.
Fundo lilikuwa safi, dogo, la kupendeza.
Kabla ya kulituma likaundwe, kidole kilisita juu ya kitufe
kwa sababu alijua amenakili maisha ya nani.
Kisha akabonyeza.

Siku ya tisa ikapita. Ya kumi na moja. Ya ishirini na sita.
Barafu ya Mto Tokachi ilipoanza kupasuka
alimleta baba, akamvalisha koti jeupe
lililokaa upande.
Mwishoni mwa bomba la shaba akawasha kiberiti.

Buluu. Kijimoto cha kadiri ya ukucha wa gumba,
dakika tatu, pengine na nusu;
kikombe cha chai kisingepata joto.

Tokuji aliinama, akavuta pua.
"Hainuki."
"Harufu hutiwa kiwandani, baba, watu wajue ikivuja."
"Najua. Mama yako aliifua
miaka thelathini na minne."

Hakusema kama ni kazi nzuri.
Alilizunguka tangi polepole, bega likitangulia,
akausikiliza uji ukichemka pasipo moto,
wale wasioweza tena kutua.
Akaligonga kioo mara mbili kwa kiganja,
kama wagongavyo mgongo wapakiaji zamu ikiisha,
na akasema neno la lugha yao
ambalo kwa yetu, nimelitafuta sana,
ni hili tu:
poleni na kazi.